Pasipoti ipi, kibali kipi? Ulinganisho kutoka kaunta ya saiba, Nairobi

Pasipoti tatu zilitandazwa juu ya kaunta yangu kama karata: moja ya Kenya, moja ya Ujerumani, moja ya Kanada. Aliyezitandaza alikuwa mama wa makamo kutoka Kileleshwa, na ya Kenya ndiyo iliyokuwa yake. Ya Ujerumani ni ya mumewe. Ya Kanada ni ya mpwa wake wa miaka 17, mzaliwa wa Toronto, anayesoma hapa Nairobi. Wote watatu wanalala nyumba moja, na walikuwa wanaelekea mahafali mamoja London, mwezi Januari.

"Mwanangu," akaniambia, "nasikia siku hizi Uingereza ni kibali tu, pauni 16, unajaza kwa simu ukiwa ndani ya matatu. Tujazie sote watatu."

Nikamweleza kwamba nitawajazia wawili. Yeye atahitaji viza: wakati huo ilikuwa pauni 127, alama za vidole, taarifa za benki, na kungoja. Akanitazama kwa muda. "Yaani hao wanaonisindikiza ndio wanapita, na mimi niliyemzaa mhitimu ndiye wa kupanga foleni?"

Ndiyo, mama. Ndivyo ilivyo.

Nina saiba ndogo, yaani duka la intaneti, hatua chache kutoka Nyayo House, makao ya uhamiaji, na swali hilo naulizwa kwa sura nyingi. Jibu huanzia mahali pamoja: vibali hivi vya kusafiri vya mtandaoni havimfuati mtu, vinafuata pasipoti. Hakuna anayejali kama unakaa Kileleshwa au Kayole, umeolewa na nani, au kodi unalipa wapi. Kijitabu utakachomkabidhi mhudumu wa shirika la ndege ndicho kitakachosema. Na kibali si viza ya bei nafuu, ingawa watu wengi hukiita hivyo. Ni uchunguzi wa mapema kwa mtu ambaye tayari hadaiwi viza. Pasipoti yako ikidaiwa viza na nchi fulani, huwezi kujipenyeza kwa kibali, hata ukilipa mara kumi.

Kwa hiyo uchaguzi ninaouzungumzia hapa ni wa aina nyingine. Mwenye pasipoti mbili anachagua ya kusafiria. Mwenye tiketi anachagua njia ya kupitia. Familia iliyochanganyika, na Nairobi zimejaa, inachagua pa kwenda na pa kuanzia. Hizi ni ada na masharti kama yalivyokuwa mwishoni mwa 2025:

| Nchi | Kibali | Ada | Kinadumu | Kukaa kwa safari moja |
|---|---|---|---|---|
| Uingereza | ETA | pauni 16 | miaka 2 | hadi miezi 6 |
| Kanada | eTA | dola 7 za Kanada | miaka 5 | kwa kawaida hadi miezi 6 |
| Marekani | ESTA | dola 40 | miaka 2 | hadi siku 90 |
| Nchi 30 za Ulaya | ETIAS (bado haijaanza) | euro 20 | miaka 3 | siku 90 katika kila siku 180 |
| Kenya | eTA | dola 30 na gharama ya malipo | siku 90, kuingia mara moja | hadi siku 90 |

Usisome safu ya ada peke yake. Gawanya ada kwa miaka. Kanada haifiki hata dola moja na nusu ya kwao kwa mwaka, yaani kama shilingi 130, bei ya sahani ya githeri mjini. Ulaya itakuwa chini ya euro 7 kwa mwaka, Uingereza pauni 8, Marekani dola 20. Na sisi? Dola 30 kila mtu anapoingia. Mgeni anayekuja Nairobi mara tatu kwa mwaka analipa 90. Nasema haya kama mwenye nyumba anayeona aibu mbele ya wageni: ukihesabu kwa safari za mtu anayerudi mara kwa mara, cha kwetu ndicho ghali kuliko vyote, na ndicho chenye maswali mengi.

Ada zenyewe zina tabia moja, zinapanda. Uingereza walianza na pauni 10, na Aprili 2025 ikawa 16. Marekani walikuwa wakitoza dola 21, na tarehe 30 Septemba 2025 ikawa 40. Ulaya walikuwa wametangaza euro 7, na kabla mfumo haujaanza wakabadilisha hadi 20. Hakiki bei siku ile ile unayolipa, tena kwenye tovuti ya serikali yenyewe. Hilo la tovuti nitalirudia.

London au Paris kwanza?

Tuirudie familia ya Kileleshwa, maana ndani yake mna karibu kila kitu.

Mume, kwa pasipoti ya Ujerumani, alihitaji ETA ya Uingereza. Wazungu wa Ulaya waliingizwa kwenye mfumo huo tarehe 2 Aprili 2025. Waliowatangulia ni Wamarekani, Wakanada, Waaustralia na wengine, tarehe 8 Januari mwaka huo huo. Wa kwanza kabisa walikuwa raia wa Qatar, Novemba 2023. Aliyeepuka ni mwenye pasipoti ya Ireland, yeye hadaiwi kitu. Kwa miezi kadhaa mashirika ya ndege yalikuwa yakilegeza kamba, lakini Uingereza ilishatangaza kwamba kuanzia 25 Februari 2026 asiye na kibali hapandi ndege. Fomu yao ni nyepesi kuliko zote nilizojaza. Haikuulizi utalala wapi wala utarudi lini. Unapiga picha ya pasipoti, unaweka simu juu ya chipu ya pasipoti isomwe, unapiga picha ya uso, unajibu maswali ya makosa ya jinai, unalipa. Majibu mengi huja siku hiyo hiyo, ila wenyewe wanasema uwape siku 3 za kazi.

Hapo kwenye picha ya uso ndipo wateja wangu wengi hukwama. Taa za saiba huwa juu ya kichwa, na uso mweusi chini ya taa ya juu hutoka na kivuli machoni, simu ikakataa mara tano. Siku hizi nawatoa nje hadi mlangoni, wanatazama barabara, picha inakubaliwa mara moja. Wapita njia hudhani napiga picha za kampeni.

Mpwa naye alilipa pauni 16 zile zile, kwa sababu Uingereza haina nafuu ya umri: mtoto mchanga na babu wanalipa sawa. Marekani na Kanada nako ni hivyo hivyo. Ni Ulaya peke yake, mfumo utakapoanza, itakayowasamehe ada walio chini ya miaka 18 na waliopita 70, ingawa nao itabidi waombe kibali.

Mama sasa. London kwake ni viza na hakuna njia ya mkato. Hata kubadilisha ndege tu Heathrow, mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya kupitia, isipokuwa kama ana kitu kingine mkononi kama viza hai ya Marekani au ya Kanada. Mumewe, akibaki ndani ya Heathrow bila kupita kaunta ya uhamiaji, hahitaji chochote, hata ETA. Ndege moja, viti vinavyopakana, sheria mbili.

Lakini Paris, na hapa nilimwambia mama avute kiti, mambo yanageuka. Kwa kawaida Mkenya hulipa euro 90 kwa viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, na pesa hizo hazirudishwi ukinyimwa. Ila mke wa raia wa Umoja wa Ulaya, anaposafiri naye kwenda nchi ya Umoja ambayo si ya mume, sheria ya Umoja ya mwaka 2004 inasema apewe viza bure na kwa utaratibu wa haraka. Mjerumani na mkewe wakienda Ufaransa wanaingia humo. Cheti cha ndoa, pasipoti ya mume, na ushahidi kwamba wanasafiri pamoja au anamfuata. Watu wengi hawalijui hili, wanajaza fomu ya kawaida na kulipa. Uingereza ilijitoa kwenye Umoja tarehe 31 Januari 2020, kwa hiyo cheti hicho hicho cha ndoa London hakipunguzi hata senti.

Kwa upande wa Paris, mume hahitaji kitu, ni kwao. Mpwa wa Kanada naye hahitaji viza, na ETIAS imepangwa kuanza robo ya mwisho ya 2026. Kwa hiyo familia ile ile: London iligharimu pauni 159 za vibali na viza, Paris ingegharimu makaratasi tu. Mahafali yalikuwa London, basi. Lakini kama unapanga likizo ya familia ya namna hiyo na hakuna anayekungoja London, mimi ningewapeleka Paris bila kufikiri mara mbili.

Tahadhari moja juu ya Ulaya. Tangu 12 Oktoba 2025 wana mfumo mwingine mpakani unaochukua picha na alama za vidole za wasio raia wao, unaitwa EES. Huo hauombwi wala haulipiwi. Akija mtu na tovuti ya kukuuzia "usajili wa EES", au ya kukuuzia ETIAS kabla haijaanza, huyo ni mwizi.

Marekani na Kanada: siku mbili Mogadishu

Hapa ndipo wateja wangu wa Gigiri na Lavington, mitaa wanakokaa wageni wengi, huumia, na si kwa sababu ya pesa.

ESTA ni ya raia wa nchi 42 zilizosamehewa viza ya Marekani, na Afrika haina hata moja ndani yake. Mjerumani anaingia, Mwingereza, Mjapani, Mkorea. Ikalazimishwa tangu 12 Januari 2009. Lakini ina kifungu ambacho Nairobi kinauma kuliko mji mwingine wowote ninaoujua. Mtu mwenye pasipoti inayostahili, akiwa amewahi kukanyaga Somalia, Sudan, Libya, Yemen, Syria, Iraq, Iran au Korea Kaskazini tangu 1 Machi 2011, amepoteza haki ya kutumia ESTA. Kuba nayo iko, ila inahesabiwa tangu 12 Januari 2021. Walioachwa huru ni wachache, hasa wanajeshi na watumishi wa serikali ya nchi husika waliotumwa kikazi.

Sasa fikiria mji huu. Nusu ya wafanyakazi wa mashirika ya misaada wanaoishi hapa wamewahi kuondoka asubuhi kwenda mkutano Mogadishu na kurudi kesho yake. Siku hizo mbili zinatosha. Anakuja kwangu Mholanzi au Mwitaliano, anajibu maswali haraka haraka, anafika kwenye lile swali la nchi, anaanza kuhesabu vidole. Juba ameenda mara 20, haina neno. Sudan Kusini haimo kwenye orodha. Khartoum mara moja, 2013. Basi, ameshatoka. Mamlaka ya Marekani inaweza kumsamehe mtu mmoja mmoja, lakini usinunue tiketi ukitegemea msamaha. Njia ni viza ya kawaida, dola 185, na mahojiano ubalozini Gigiri, foleni moja na Wakenya. Nakiri kuna wateja waliocheka waliposikia hivyo, na kuna karani wangu aliyecheka kuliko wao.

Kuna aliyeniomba niweke "hapana" kwenye swali hilo. Sijazi. Mihuri iko kwenye pasipoti ya zamani, na uongo kwenye fomu ya Marekani hukufuata hadi kwenye viza utakayoomba baadaye.

Kanada hawana kifungu cha namna hiyo kwenye masharti ya eTA. Ndiyo maana, kwa mtu wa Gigiri mwenye pasipoti ya Ulaya anayetaka kuona ndugu walio Amerika Kaskazini, nashauri wakutane Toronto. Dola 7 za Kanada, miaka 5, mara nyingi jibu linakuja kwenye barua pepe ndani ya dakika chache, ingawa maombi mengine huchukua siku kadhaa. Kibali hicho kimedaiwa tangu 2016 na ni cha wanaoingia kwa ndege tu. Anayevuka kwa gari kutoka Marekani hakihitaji.

Lakini angalia njia. Marekani haina utaratibu wa kubadilisha ndege bila kupita uhamiaji. Mume wa yule mama akikata tiketi ya Nairobi, New York, Toronto, kwa sababu ndege ya New York inatoka JKIA, uwanja wetu wa ndege, moja kwa moja, analipa ESTA dola 40 juu ya eTA, hata kama New York atakaa saa mbili tu akila mkate uwanjani. Akipitia Addis Ababa, Doha au Amsterdam, analipa zile 7 peke yake. Na kama ndiye yule wa siku mbili Mogadishu, kupitia New York kwake haiwezekani kabisa bila viza. Mawakala wa tiketi mara nyingi hawaulizi swali hili. Liulize mwenyewe kabla ya kulipa.

Mwenye pasipoti ya Kanada anakwenda Marekani bila ESTA, na Mmarekani anakwenda Kanada bila eTA. Hao ni majirani, wana mambo yao.

Kisha kuna yule binamu wa Minnesota mwenye green card na pasipoti ya Kenya. Nilisema vibali vinafuata pasipoti, na hii ndiyo hitilafu kubwa kwenye kanuni yangu: Kanada, tangu Aprili 2022, inampokea mkazi wa kudumu wa Marekani bila viza na bila eTA, mradi abebe pasipoti hai na kadi yenyewe. Mkenya huyo huyo London anadaiwa viza kama sisi. Wengi wamekaa Marekani miaka 15 wakidhani Toronto ni safari ngumu, kumbe ni tiketi tu.

Kwa mwenye pasipoti mbili

Swali la pasipoti mbili huja karibu kila wiki, hasa Desemba. Kanuni ya kwanza: nchi ambayo wewe ni raia wake haikupi kibali. Mkenya ambaye pia ni Mkanada hawezi kuomba eTA ya Kanada kwa pasipoti yoyote; anatakiwa kuwa na pasipoti ya Kanada iliyo hai ndipo apande ndege. Mmarekani anatakiwa kuingia kwao kwa pasipoti ya Marekani. Mwingereza mwenye uraia wa pili naye, utekelezaji ulipokazwa, anaonyesha pasipoti ya Uingereza au ya Ireland, au cheti maalumu cha haki ya kuishi huko ambacho ni ghali. Kwa hiyo ukiacha pasipoti ya Uingereza ikaisha kwenye droo huko Karen ukidhani ETA itakuokoa, haitakuokoa.

Wazazi huchanganya jambo lingine hapa. Mtoto aliyezaliwa Marekani au Kanada karibu kila mara ni raia wa huko. Aliyezaliwa Uingereza tangu 1983 si Mwingereza kwa kuzaliwa tu. Lazima mzazi mmoja awe raia au mkaazi wa kudumu wakati huo. Nimeona cheti cha kuzaliwa cha London kikitolewa kwenye mkoba kwa fahari, na mtoto hana uraia wa huko.

Sasa upande wa kurudi nyumbani. Wajukuu wanakuja Krismasi na pasipoti za Uingereza. Je, wachukue eTA ya Kenya, au pasipoti ya Kenya? Katiba ya 2010 inasema mtoto wa Mkenya ni raia kwa kuzaliwa, hata azaliwe wapi, na hapotezi uraia huo kwa kupata mwingine. Kwa hiyo chaguo ni la kweli. Kama wanakuja mara moja kila miaka mitatu kwa wiki mbili, eTA: dola 30 kila mmoja, na mtoto wa miezi minne naye anahesabiwa. Kama wanakuja kila mwaka, au kuna anayetaka kukaa na nyanya yake miezi mitano, tafuteni pasipoti ya Kenya. Itawasumbua mara moja: vyeti, ubalozi, safari. Baada ya hapo hakuna kuhesabu siku 90.

Wageni wanaokuja kwetu

Kenya iliacha viza Januari 2024 na kuweka eTA mahali pake. Tulitangaziwa kwamba Kenya haina viza tena. Mgeni anayeambatisha picha, tiketi, nafasi ya hoteli na malipo ya kadi, kisha akangoja hadi siku 3 za kazi, huwa haoni tofauti, na sipingani naye. Pasipoti yake iwe na angalau miezi 6 mbele tangu siku ya kufika na ukurasa mtupu. Akifikia kwako nyumbani na si hotelini, mwandikie barua ya mwaliko yenye anwani yako na nakala ya kitambulisho, usimwache abuni hoteli.

Tangu Julai 2025 raia wa nchi za Afrika hawaombi eTA, isipokuwa Somalia na Libya. Wanakaa hadi miezi 2, na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi 6. Rafiki yako wa Accra au Lusaka akitumiwa kiungo cha kulipia kibali cha Kenya, mwambie afunge ukurasa huo.

Mgeni wa mbali anayetaka pia kuwaona sokwe Uganda au Rwanda ana chaguo la pili: viza ya watalii ya Afrika Mashariki, dola 100, siku 90, kuingia na kutoka mara nyingi katika Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo, na wengi wanagundua hilo wakiwa mpakani Namanga. Anayeishia Nairobi na Maasai Mara, eTA inamtosha. Anayevuka kwenda Kigali na Kampala na kurudi, dola 100 huenda zikawa nafuu, jumlisha kwanza.

Mengine kwa ufupi. Australia ndiyo iliyoanzisha mtindo huu, mwaka 1996. Leo ni dola 20 za kwao kupitia programu ya simu, lakini mwenye pasipoti ya Ulaya ana kibali kingine cha bure, asilipe cha watu. New Zealand kibali ni dola 17 za kwao kwa simu, ila kinaambatana na tozo ya dola 100 ya watalii, na hiyo ndiyo inayoumiza. Ushelisheli ndiyo inayomhusu Mkenya mwenyewe: haina viza kwa karibu kila mtu duniani, lakini kila mgeni anaomba kibali mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Kampala na Kigali, kitambulisho chako cha Kenya kinatosha tangu 2014. Wakati mwingine tunasahau neema zilizo karibu.

Kabla ya kulipa

Mwaka juzi alikuja mzee aliyekwisha kulipa dola 95 kwa kibali cha dola 21. Tovuti aliyoitumia ilikuwa na bendera, tai na herufi za dhahabu. Haikuwa ya wizi kamili. Walimwombea kweli, wakabakiza chenji yao. Angalia mwisho wa anwani: ya Kenya inaishia go.ke, ya Uingereza gov.uk, ya Kanada canada.ca, ya Marekani .gov, ya Ulaya europa.eu. Hata mimi ninayetoza shilingi mia tatu za kujaza, humwambia mteja aone anwani kwenye skrini kabla hajatoa kadi. Asiye na kadi ya benki, ile kadi ya Visa ya mtandaoni iliyomo ndani ya M-Pesa hufanya kazi panapopokelewa Visa.

Namba ya pasipoti isomwe kwa sauti na mtu wa pili. Sifuri na herufi O ndizo zimenigharimu mimi mwenyewe: niliwahi kumjazia mteja vibaya, kibali kikakubaliwa kwa pasipoti isiyokuwepo duniani, na nikalipa cha pili kutoka mfukoni mwangu.

Na soma tarehe ya mwisho ya pasipoti kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kibali hufa siku pasipoti inapokufa. Ile miaka 2 au 5 ya kwenye jedwali ni ya pasipoti yenye umri huo. Nilisema nilimjazia mpwa wa yule mama. Kwa kweli nilisita kwanza. Pasipoti yake ya Kanada ilikuwa imebakiza miezi saba. Tungeweza kungoja apate mpya kupitia ubalozi wa Kanada Limuru Road, kisha tuombe kibali cha miaka 2 kamili kwa pesa zile zile. Lakini mahafali yalikuwa wiki tano mbele, na yeye bado alikuwa na mtihani. Mama akahesabu kimya, akatoa pauni 16 za kibali cha miezi saba, akasema nyingine watalipa mwaka ujao wakiwa na haraka ndogo. Kisha akavuta kiti karibu, tukaanza fomu yake mwenyewe, ukurasa wa kwanza.